Mbire Zilizowahi Kuiva

Agosti mwaka jana mbire za Gaudiosus ziliwahi kuiva, na Gaudiosus akamshukuru Mungu mbele ya watu.

Mbire ni ndizi za pombe. Hazipikwi, ukionekana kijijini Nyakasimbi umebandika mbire jikoni, majirani watakuja kuuliza nani anaumwa. Mikungu ya Gaudiosus ilikuwa bado kama mwezi hivi, na sendofu ya binti yake ilikuwa imebakiza wiki mbili, kwa hiyo mzee akawa anazunguka kibanjani, kwenye shamba lake la migomba, kila siku anaiminyaminya kama daktari. Halafu asubuhi moja akakuta mkungu mmoja umeanza kugeuka njano. Kesho yake miwili. Keshokutwa mitano. Jumuiya ilipokutana nyumbani kwa Eustadia, akasimama, kofia mkononi, akasema Mungu ameona shida yake, amezisukuma ndizi zikimbie ziwahi shughuli. Watu wakapiga makofi. Eustadia akapiga vigelegele, yeye ambaye vigelegele vyake huwa havitoki bure. Hakuna aliyejiuliza kwa nini Mungu, mwenye dunia nzima ya kushughulikia, aharakishe ndizi za mtu mmoja na kuziruka za jirani yake.

Tuwasamehe. Walikuwa wanajua binti huyo, Koku, alivyopatikana.

Gaudiosus na mkewe Restuta walikaa kwenye ndoa miaka kumi na mmoja bila mtoto. Kwa kijiji chenye midomo kama kile, miaka kumi na mmoja si mchezo. Mashangazi walikuja na dawa za mizizi, wajomba wakaja na ushauri wa mke wa pili, na Gaudiosus aliwapokea wote kwa rubisi, hiyo pombe ya mbire, akawasikiliza mpaka kibuyu kikakauka, akawasindikiza hadi barabarani na kurudi kwa Restuta. Mwaka wa kumi na mbili akazaliwa Kokugonza, na hakufuata mwingine. Siku ya ubatizo wake baba mtu alitoa rubisi ambayo katekista mwenyewe aliinywa akalala palepale, na mpaka leo anasema alikuwa anasali.

Maana rubisi ndiyo kitu alichokijua. Darasa la nne aliliacha njiani, kuhesabu anahesabu kwa vidole, lakini kwenye kukanyaga ndizi na kupima mtama wa kukaanga hakuna aliyemfikia. Na tangu Koku akiwa mgongoni alikuwa na ahadi moja: siku mtoto huyu anatoka nyumbani, wakwe watakunywa mbire za kibanja hiki, zilizokanyagwa kwa miguu hii. Na ataondoka na machipukizi. Ndivyo ilivyokuwa kwao. Binti akiolewa, baba anamchimbia machipukizi ya migomba ya nyumbani, anakwenda kuyapanda nyuma ya jiko lake jipya, na mkungu wa kwanza utakaotoka pale ni wake, mkwe asiuguse. Mama yake Gaudiosus alikuja hivyo, na machipukizi kichwani. Kibanja chote kilitoka kwenye yale.

Koku alikuwa na miaka ishirini na sita, fundi cherehani Kayanga, na mchumba wake Habumugisha alikuwa fundi mwashi kutoka Kimuli, upande wa Kyerwa, kijana wa familia yenye asili ya Rwanda. Mpole kiasi kwamba Restuta alimuuliza bintiye kama anasikia vizuri.

Basi. Mikungu ikakatwa, ishirini na kitu. Gaudiosus alipita nayo mwenyewe na muhoro wake, lile panga la kupinda la kukatia migomba, huu hapa, ule pale, akazivundika ndizi shimoni kwa majani na moshi kidogo. Alhamisi asubuhi wakazimenya, wakazimwaga kwenye mtumbwi, ule mti mrefu uliochongwa wa kukamulia, wakatandaza nyasi, wakapanda. Yeye upande mmoja, na upande wa pili Elpidius, jirani yake, rafiki yake wa kugombana naye tangu utoto, ambaye pia Jumamosi, siku ya sendofu, angekuwa msemaji wa upande wa binti.

"Kanyaga, wewe!" Gaudiosus alisema. "Unazipapasa kama unazibembeleza zilale."

"Miguu yangu ina heshima. Haikurupuki."

"Miguu yako ina uvivu."

"Uvivu huohuo ndio uliokukimbizia ng'ombe wako alipotoroka, umesahau?"

Wakacheka, wakaendelea. Kwa kawaida, ukikanyaga robo saa nyasi zinaanza kupiga kelele za kulowa, na maji ya ndizi yanajitokeza chini, mazito, matamu, nyuki wanakuja bila kualikwa. Ilipita robo saa. Ikapita nusu saa. Ikapita saa nzima. Nyasi zikawa zinateleza tu. Chini hakukuwa na maji. Kulikuwa na kitu kama kamasi, na harufu yake haikuwa harufu ya sherehe. Nyuki walikuja wawili, wakanusa, wakaondoka.

Elpidius ndiye aliyeinama. Akaokota ndizi iliyokuwa bado ngumu, akaivunja katikati. Ndani ilikuwa na madoa ya kahawia, kama bati lililoshika kutu.

"Gaudi."

"Nimeona."

"Huu ni mnyauko."

"Nimekwambia nimeona."

Walishuka mtumbwini na miguu yao ya utelezi, wakaenda kibanjani. Gaudiosus akakata mgomba wa kwanza. Wakasimama kuungoja. Baada ya muda kidogo kwenye kidonda cha mgomba ukaanza kutoka usaha wa njano, matone kwa matone. Akakata wa pili, mbali na ule. Usaha. Wa tatu, usaha.

"Na huo muhoro," Elpidius aliuliza polepole, "umepita nao kote?"

Ulikuwa umepita kote. Bwana shamba alikuja mwaka juzi, akafanya mkutano shuleni, akasema mgomba ukigeuka njano kabla ya wakati usifurahi, na panga likitoka kwenye mgomba mmoja lipitishwe motoni kabla ya kugusa mwingine. Gaudiosus alikuwepo. Alikaa mstari wa mbele. Swali aliloliuliza lilikuwa kama kuna soda.

Ukutani kwa jiko yalikuwa yameegemezwa machipukizi sita, yamekatwa majani vizuri, yamefungwa kwa majani makavu, na Restuta ameyavisha utepe mwekundu. Ukiyatazama, yana afya kuliko mbunge. Hapo ndipo palipokuwa na ubaya wake. Mnyauko una subira. Unaweza kukaa ndani ya chipukizi zuri namna ile, likapelekwa Kimuli, likapandwa nyuma ya jiko la bibi harusi, na mwaka wa pili kibanja kizima cha wakwe kikalala chini.

Restuta alipoambiwa hakulia. Aliketi kwenye kinu kilichopinduliwa, akauliza jambo moja tu.

"Koku anajua?"

"Bado."

"Pombe ipo kwangu," Elpidius alisema. "Nina mapipa mawili, niliyaandaa kwa ajili ya kipaimara cha wajukuu. Yachukueni. Nani atajua? Rubisi haina picha ya mwenyewe. Na hayo machipukizi... mimi naona mazima tu."

"Unayaona mazima kwa macho yapi?" Restuta alisema. "Hata mikungu tuliiona mizima. Tumeitolea na ushuhuda."

Wakakubaliana hivi: pombe ya Elpidius itanywewa, machipukizi yatachomwa, na wakwe wataambiwa pembeni, kwa sauti ya chini, baada ya watu kula. Siku ya mtoto iachwe iwe ya mtoto. Gaudiosus aliitikia kwa kichwa. Restuta, aliyemjua kwa miaka thelathini na saba, alimtazama kile kichwa kinavyoitikia na hakukiamini sana.

Jumamosi ikafika. Turubai likafungwa, spika zikafika kutoka Kayanga zikiwa na kelele zao, wakwe wakashuka kwenye Noah tatu na pikipiki zisizo na idadi. Koku akatoka ndani na wenzake, akahudumia wageni wake, akakaa. Shughuli ikaenda vizuri hadi pale msemaji wa wakwe, mzee mmoja mwembamba mwenye ulimi mrefu aitwaye Hagenimana, alipopewa kipaza sauti.

"Sisi ni wageni," Hagenimana alisema, "na mgeni hana haraka. Lakini huko Kimuli tumesikia habari za mzee Gaudiosus mpaka masikio yakaota sugu. Eti rubisi yake inamfanya bubu aimbe. Nimekunywa vikombe viwili na bado sauti yangu ni ileile mbaya."

Watu wakacheka. Elpidius akadaka kipaza sauti. "Mkwe, tatizo si pombe. Tatizo ni vifaa alivyokuja navyo mgeni."

Kicheko kikubwa zaidi.

"Sawa, sawa. Basi mzee mwenyewe asimame, aonje mbele yetu, atuambie hii imetoka wapi. Na yale machipukizi ya binti yaletwe tuyahesabu, tusije tukapewa matatu tukaambiwa ni sita. Nyinyi Wanyambo nawafahamu."

Ulikuwa utani wa kawaida. Kila sendofu ina utani wa namna ile, na mwenyeji anajibu kwa utani, mambo yanapita. Elpidius alikuwa tayari ameshafungua mdomo. Lakini Gaudiosus alikuwa amesimama, kikombe mkononi, na kipaza sauti kikiwa mbele yake.

Angeweza kusema kwa sentensi mbili. Alizungumza dakika ishirini. Alisema pombe hii ni ya Elpidius. Alisema mbire zake zimeoza. Alieleza mtumbwi, alieleza kamasi, alieleza hadi wale nyuki wawili. Akaeleza usaha. Akasema machipukizi ameyachoma kwa mkono wake ili asiwapelekee wakwe msiba, kisha akaanza upya kutoka kwenye mtumbwi. Spika ilikuwa ya wati nyingi. Walisikia hadi wale waliokuwa ng'ambo ya bonde wanachunga mbuzi. Wageni wawili wa Kimuli walinyanyuka polepole kwenda bombani kuosha soli za viatu, wasibebe ugonjwa hadi kwao. Wengine wakafuata. Mpishi akaacha pilau ikashika chini. Hagenimana, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe labda, aliacha utani. Mwisho akamshika Gaudiosus mkono kwa mikono miwili, akasema, "Mkwe, umetutendea kama ndugu," na alimaanisha. Lakini baada ya hapo muziki ulipowashwa hakuna aliyecheza. Vikundi vikundi watu walikuwa wanaulizana dalili za mnyauko. Keki ilikatwa wakati watu wanazungumzia mapanga na jik ya kuyaoshea.

Koku alikuwa amekaa pale mbele, ameinamisha kichwa, na watu walidhani ni adabu ya bibi harusi.

Jumamosi iliyofuata wakafunga ndoa Kimuli, ndoa nzuri, ya haraka. Gaudiosus akarudi kuanza kung'oa.

Kazi ya kung'oa migomba ni kazi ya siku nyingi. Kila mgomba mgonjwa unakatwa, shina linachimbwa hadi mizizi, vinarundikwa, vinaachwa vioze, na pale chini hupandi mgomba mwingine mpaka miezi ipite; unapanda maharage, unasubiri. Kibanja kilipoanza kupungua nyumba ikabaki uchi. Kwa miaka yote ile ulikuwa huwezi kuiona kutoka barabarani. Sasa mwenye baiskeli alikuwa anapita anaona hadi mboga iliyoko sahanini. Na kila aliyepita alisimama.

"Shikamoo mzee. Pole. Tumesikia."

"Marahaba. Ndiyo hivyo. Siku ya Alhamisi tukapanda mtumbwini, mimi na Elpidius..."

Akawa anahadithia. Mara kumi, mara ishirini. Ikawa hadithi iliyokaa vizuri, na sehemu za kunyamaza, na sehemu za kutikisa kichwa. Ya nyuki waliokataa aliimaliza kwa kutema mate chini. Watu waliguna mahali palepale, na kuguna kwao kulimpa kitu, mtu aliyeanguka naye huwa anapenda aonwe alipoanguka.

Wiki ya tatu Koku akapiga simu.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba, mama. Mko salama huko?"

"Tupo. Baba, leo sokoni mama mmoja ninayenunua nyanya kwake akaniuliza, 'Samahani, wewe ndiye bibi harusi wa mnyauko?'"

Gaudiosus akacheka. Upande wa pili hakukuwa na kicheko, kwa hiyo cha kwake kikaishia njiani.

"Sikulaumu kwa machipukizi," Koku alisema. "Ulifanya vizuri, hata baba mkwe anakusifu kila siku. Lakini lile gauni nililishona miezi mitatu, Baba. Shanga nilishona kwa mkono, baada ya kazi za watu. Hakuna anayelikumbuka. Hata wewe sijui kama unalikumbuka."

"Nalikumbuka, mwanangu."

"Lilikuwa rangi gani?"

Alifungua mdomo. Alitazama kule kibanjani kana kwamba jibu limeegemezwa huko. Lilikuwa rangi gani? Mtoto aliyemngoja miaka kumi na mmoja alikuwa amepita mbele yake siku ile, mchana kweupe, na alipomtafuta kichwani alikuta mtumbwi.

"Haya, Baba," Koku akasema taratibu. "Msalimie Mama."

Alimkuta Restuta anachambua maharage ya mbegu. Akajitia kuuliza kama kitu kidogo.

"Eti lile gauni la Koku lilikuwa rangi gani vile?"

Restuta akainua macho. 

"Uliza mtumbwi," akasema.

"Mama Koku..."

"Hapana, nisikilize. Nimekusikia ukihadithia ile siku mpaka mimi mwenyewe naijua kwa ghibu. Unaanzia mtumbwini, unamalizia kwenye usaha. Nimesubiri, nikasema leo atamtaja mtoto. Mtoto hajatokea hata siku moja. Wewe umemtoa binti au umetoa ndizi?"

"Ndizi zimekufa, Restuta. Kibanja cha mama yangu. Nijifanye sioni?"

"Nani kakwambia ujifanye? Nami nimelia, ulikuwa umelala tu. Zimekufa, tutazililia, tuna msimu mzima wa kuzililia. Lakini Koku hakufa siku ile. Alikuwepo. Alikuwa anang'aa. Wewe ndiye uliyempa kisogo, na sasa unawafundisha watu wote wa barabarani wampe kisogo."

Akarudi kwenye maharage yake. Rangi hakumwambia, wala kesho yake hakumwambia.

Siku zile Gaudiosus alichimba kimya. Kukumbuka kitu ambacho hukukitazama ni kazi kuliko kuchimba shina. Alianza na vitu vya pembeni: turubai la bluu, kelele za spika, joto. Elpidius na koti lake la kubana. Halafu mlango wa nyumba. Mlangoni alikwama siku mbili. Kila akifika pale, badala ya mtu kutoka, kulikuja harufu ya zile ndizi, na alilazimika kuweka jembe chini, kungoja harufu ipite, kuanza upya kwenye turubai. Siku ya tatu, jembe likiwa limekwama kwenye mzizi, mlango ukafunguka.

Jioni hiyo alipita Gaspari, katekista wa Rugera, akikokota baiskeli yenye pancha. Akasimama pale barabarani, akatazama visiki.

"Habari za jioni, mzee Gaudi! Pole sana. Hii habari imefika hadi kwetu. Eti mtumbwi ulikataa kabisa?"

Gaudiosus akachomoa jembe, akaliegemea. Nyuma yake, mlangoni pa jiko, Restuta alikuwa anapepeta na akaacha kupepeta.

"Koku alitoka ndani saa nane," Gaudiosus alisema.

"Ehe. Na mtumbwi?"

"Tutafika. Koku alitoka ndani saa nane, na wenzake wanne, na yeye peke yake hakuwa anatazama chini. Amebeba kikapu cha kahawa ya kutafuna, ya kuwapa wakwe. Unajua wanavyotoa, punje mbili, punje tatu, kwa adabu. Akawapa wakwe hivyo. Akaja kwangu akapiga magoti. Mimi nikakinga kiganja. Akanijazia konzi nzima, Gaspari! Konzi nzima, zingine zikamwagika. Akasema, 'Baba, hizi ni zile nilizokuwa nakuibia.' Maana alikuwa ananiibia, huyu mtoto, akiwa bado hana hata meno ya kutafunia. Nikacheka hadi nikapaliwa. Mbele ya wakwe! Wakaniletea maji."

Gaspari naye akacheka. Akaegemeza baiskeli yake kwenye kisiki.

"Na gauni lake," Gaudiosus aliendelea, na hapa akapunguza mwendo kama mtu anayevuka mto kwa mawe, "lilikuwa la machungwa. Si machungwa ya tunda, hapana, lile la jua likishaingia. Na shanga shingoni. Nyeupe. Alizishona kwa mkono."

"Za fedha," Restuta alisema kutoka jikoni.

"Za fedha," Gaudiosus alisema. "Alipokuwa anapiga magoti zilikuwa zinagongana, ukisikiliza vizuri unasikia."

Akatega sikio kidogo, anazisikiliza. Halafu akaendelea: alivyorudi kukaa, alivyomnong'oneza Habumugisha kitu na kijana akaziba mdomo asicheke, alivyomwangalia mama yake. Ilikuwa hadithi isiyokaa vizuri bado. Ilirudi nyuma, iliruka, ilisahau jina la mmoja wa wale wenzake wanne, wakabishana na Restuta kuhusu hilo kwa umbali wa uwanja mzima. Giza lilikuwa linaanza. Gaspari alikuwa na pancha na njia ndefu, akaaga akiwa bado anatabasamu, akaondoka kabla hawajafika mtumbwini.

Gaudiosus alimtazama hadi alipopotea kwenye kona, ambayo sasa ilionekana vizuri kabisa kutoka pale. Halafu akashika jembe. Visiki kumi na saba vilikuwa bado.